Matundu Tisa

FUNDI: Haloo? Nani huyo?

INJINIA: Mimi, kaka. Shikamoo.

FUNDI: Marahaba. Ehe, Injinia wetu! Umeshapotea? Duka la spea lenyewe lina mlango mmoja tu.

INJINIA: Niko kwenye kaunta. Wamenitolea presha pleti mbili za klachi, sasa—

FUNDI: Ngoja, ngoja. Mikono yote grisi, nakuweka spika... [spana inaanguka] Haya, sema. Niko shimoni, chini ya gari.

INJINIA: Moja mpya, inang'aa, ina vidole vingi katikati kama meno ya kitana. Nyingine kuukuu, imekarabatiwa, vidole vitatu vinene.

FUNDI: Na macho yamekutoka kwa inayong'aa.

INJINIA: Sijasema—

FUNDI: Nakujua! Digrii mbili, miwani, kalamu mfukoni, na presha pleti ya gari la baba yako huijui. Gari limekuzidi umri hilo, bwana mdogo. Vidole vitatu! Ukiniletea hicho kitana, klachi haishiki, na kesho Mzee—

[Honi inalia mara mbili.]

INJINIA: Nini hiyo?

FUNDI: Mzee. Tangu apooze si hasemi tena? Yuko ndani ya gari toka asubuhi, kang'ang'ania usukani. Kesho dada anakuja kumchukua akaishi kwake, na gari lingine Mzee amekataa katakata. Mbili hizo zangu, ananiita. Nakuja, Mzee!

INJINIA: Mbili zako. Tatu zilikuwa zangu.

FUNDI: Zilikuwa. Haya, ile mbovu niliyokupa, mpe muuza duka alinganishe, uondoke. Hata mbuzi angeshamaliza.

INJINIA: Nimelinganisha. Na boksi pia.

FUNDI: Boksi gani?

INJINIA: Ulipokwenda kunywa chai niliweka kipande cha boksi juu ya flaiwili, lile gurudumu la chuma pleti inapofungwa, nikakigonga kwa nyundo mpaka matundu yakajichora. Si ndivyo Mzee alivyotufundisha?

FUNDI: Nani kakutuma? Nani? Nilisema chukua pleti, basi! Kazi yako kwenye gereji hii ilikuwa kushika tochi, na hata tochi ilikushinda!

INJINIA: Kaka, mbona una—

FUNDI: Litupe hilo boksi!

INJINIA: Lina matundu tisa.

[Mtandao unakwaruza.]

FUNDI: Haloo? Sikusikii, mtandao—

INJINIA: Unanisikia. Sita yanaingiana na ya vidole vitatu. Matatu yanakaribiana na hii inayong'aa, ila yamekwenda upande. Yametobolewa kwa drili.

FUNDI: Punguza sauti.

INJINIA: Sasa unanong'ona nini?

FUNDI: Flaiwili za zamani zina mambo yake, wewe huwezi—

INJINIA: Ulisema nimeidondosha flaiwili, imepasuka. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mzee akanitimua gereji, akanipeleka kwa mjomba, hajanipa spana mpaka leo. Miaka ishirini na sita najijua mimi ndiye niliyeipasua. Leo nimeipangusa yote kwa kitambaa, kaka. Haina ufa.

FUNDI: Mikono yako ilikuwa mizito! Kila kitu ulikuwa unadondosha!

INJINIA: Niliidondosha, ndiyo. Haikupasuka. Wewe ulinunua pleti ya kung'aa, ikakataa kuingia, ukaitoboa flaiwili, ukaiharibu. Drili ulikuwa unashika wewe peke yako, mimi nilikatazwa hata kuigusa. Halafu ukamwambia Mzee umeuziba ufa wangu. Akakusifu mtaa mzima!

FUNDI: Nyamaza, mdogo wangu. Tafadhali.

INJINIA: Mdogo wangu? Leo siyo Injinia?

FUNDI: Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Angenichuna ngozi.

INJINIA: Kwa hiyo ukampa yangu. Ni aibu, kaka. Miaka yote hii unanicheka mezani mbele ya watoto wangu, kumbe— Subiri. Uliniweka spika.

FUNDI: Nimesema punguza sauti.

INJINIA: Bado niko spika?

FUNDI: Mikono ina grisi, nimekwambia.

INJINIA: Na mlango wa gari?

FUNDI: Uko wazi.

[Hatua za Fundi zinapanda kutoka shimoni.]

FUNDI: Umefurahi sasa? Ee? Mtu mgonjwa, unamwaga mambo kama—

[Honi inalia. Mara tatu.]

INJINIA: Kaka.

FUNDI: Kakosea. Mkono wake si mzima, anagongagonga tu.

[Honi. Mara tatu tena, polepole.]

INJINIA: Hajakosea.

FUNDI: Mzee, ngoja, nitakueleza—

[Honi. Mara tatu.]

INJINIA: Nachukua ya vidole vitatu. Na naifunga mimi.

FUNDI: Wewe? Na hiyo miwani? Hujui hata bolti ipi inaanza!

INJINIA: Mzee anajua. Atanionyesha kwa kidole.

FUNDI: Na mimi nifanye nini?

INJINIA: Utashika tochi.

FUNDI: Wewe! Unaongea na kaka yako mkubwa, unasik—

INJINIA: Salio linaisha. Mwambie nakuja.

FUNDI: Mwambie mwenyewe! Haloo? Haloo?

[Honi. Mara tatu.]

FUNDI: Nimesikia, Mzee. Anakuja... Nimesema anakuja!