Rangi ya Nane: Maisha ya Mama Dorothée M'Murhula (1949–2005)

Baba paroko, ndugu wa Bwiza na Buyenzi, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Uvira na Bukavu: familia imenituma mimi Lisette, binti yake wa kwanza, niwasomee maisha ya mama yetu.

Dorothée M'Murhula alizaliwa tarehe 14 Mei 1949 huko Kabare, juu ya mji wa Bukavu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Murhula, fundi wa kutengeneza viti. Alisoma shule ya msingi kwa masista, kisha mwaka 1964 akaingia shule yao ya ushonaji. Walimu walimsifu kwa mkono mwepesi. Siku moja sista mmoja alichana pazia la altare kwa bahati mbaya, akampa Dorothée alishone. Jumapili iliyofuata sista mwenyewe alisimama mbele ya pazia lile, akatafuta mchaniko, asiuone. Mama alipenda kusimulia habari hiyo alipokuwa kijana. Baadaye aliacha kuisimulia.

Tarehe 20 Julai 1974 alifunga ndoa na baba yetu, Marcellin Bisimwa, dereva wa lori, na mwaka huohuo wakahamia Bujumbura. Nyumba yao ilikuwa Bwiza. Kazi yake ilikuwa Buyenzi, katika chumba cha mbele cha nyumba ya Mama Saliha, ambaye tangu siku zile alikuwa dada yake zaidi ya kuwa mwenye nyumba wake. Mwezi wa Ramadhani mama hakula mbele yake, na Krismasi Mama Saliha ndiye aliyetupikia pilau.

Mwaka 1992 ilianzishwa Ligi ya Ziwa, ligi ya mpira wa miguu iliyotaka wachezaji wa mji huu waishi kwa mpira wao. Viongozi wake walimletea mama mchoro wa simba autarizi kwenye jezi. Mama aliutazama, akawaambia, "Simba mukubwa hivi ni muzuri kwa ukuta. Kwa kifua atakuwa mbwa." Walicheka, wakamwomba awaoneshe mchoro wake. Alichukua vitambaa vya mabaki vya rangi nane, rangi moja kwa kila timu, akavikata kama vipande vya chungwa na kuviunganisha vikawa mpira mmoja. Chini yake akatarizi mistari miwili ya buluu, ndiyo ziwa. Mishono ya kati hakuificha. Aliwaambia ni lazima watu waone kwamba mpira huo umeshonwa, haukuzaliwa hivyo. Nembo hiyo ilipita siku ileile. Kila Jumapili mama alikaa jukwaani na mwavuli wake, na kila timu ilipoingia uwanjani aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jina lake.

Rangi ya machungwa ilikuwa ya Urumuri, timu ya mtaa mmoja wa kaskazini.

Oktoba 1993 vita vilianza. Ligi ilisimama, ikaendelea, ikasimama tena. Katikati ya mwaka 1995 mtaa wa Urumuri ulibaki bila watu. Wengine waliuawa, wengine walipanda milimani, wengine walivuka kwenda Zaire. Mwezi Septemba, ligi ilipotaka kuanza tena, katibu wake alifika Buyenzi na furushi la jezi mpya, zilizokwisha kushonwa nembo.

"Mama Lisette," alisema, "rangi ya machungwa itoke. Timu ile haiko tena. Watu wakiiona uwanjani watatupa mawe."

"Nani amesema?"

"Komite."

Mama alimjibu kwamba ataona. Katibu alipoondoka, Mama Saliha, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alimwambia, "Mwambie mashini imekufa. Mashini zinakufa kila siku, hakuna atakayekuuliza."

Mashini haikufa. Mama alikata kipande cha machungwa kwenye kila jezi. Kwa kuwa mpira ulibaki na pengo, alivuta kipande cha njano upande huu na cha kijani upande ule mpaka vikakutana. Alishona vizuri sana. Jezi zilipotoka, viongozi walisema mpira umekuwa mviringo kuliko zamani. Hakuna aliyeona mahali palipokatwa.

Katika familia tulisema kwa miaka mingi kwamba mama aliogopa. Alikuwa mgeni, mwenye kitambulisho cha mgeni, na watu walikufa kwa makosa madogo kuliko hayo. Lakini mwezi uliopita, akiwa kitandani, alitukatalia maneno hayo. Alituambia, "Hakuna mutu alinitisha. Niliogopa watampa fundi mwingine. Nilipenda kuona kazi yangu ku televisheni." Baba alimwambia apumzike, asiseme sana. Akarudia yaleyale ili tusikie vizuri.

Januari 1996 alifika Buyenzi kijana aitwaye Révérien, golikipa wa Urumuri. Alikuwa amejificha katika parokia moja mjini, na alikuwa amewaona wachezaji wakipita na jezi mpya. Mama Saliha alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia maneno haya. Révérien alisalimia, akaomba kuiona jezi iliyokuwa mezani.

"Mama, rangi yetu iko wapi?"

"Komite ilisema itoke."

"Nani aliitoa?"

"Ni mimi."

"Walikuambia nini?"

"Walisema timu haiko tena."

"Lakini mi niko apa. Si unaniona?"

Révérien aligeuza jezi ndani nje. Upande wa nyuma wa nembo nyuzi za machungwa zilikuwa bado zimeshika, maana nyuzi za mashini hazitoki zote. Alizipitishia kidole, akaikunja jezi vizuri kama ilivyokuwa, akaaga. Hakupandisha sauti hata mara moja. Mama alibaki amesimama na mkasi mkononi, na Mama Saliha alipomwita kula alijibu kwamba hasikii njaa.

Inatupasa kusema pia kwamba baada ya siku hiyo aliendelea. Alishona jezi za rangi saba mpaka msimu ukaisha, na za msimu uliofuata. Mwaka 1997 ndipo alipoiacha ligi, akaanza kushona sare za shule na kanzu za kwaya, ambazo wengi wenu mmezivaa. Uwanjani hakurudi tena. Lakini nembo haikumwacha. Ilikuwa kwenye kalenda, kwenye milango ya maduka, kwenye basi la mtaa wa Musaga. Akiliona basi lile alisubiri lingine. Ndugu yangu Prodige, alipokuwa na miaka kumi na miwili, aliletewa jezi ya ligi na mjomba wetu. Mama alimvua palepale uani, mbele ya wageni, bila kumwambia sababu. Prodige alilia kwa hasira, na mama akaenda jikoni, akarudi na macho mekundu, na sisi tulidhani ni moshi wa makaa.

Mwaka 2002 ligi ilitimiza miaka kumi, wakamwalika hotelini apewe heshima kwa kuwa ndiye aliyebuni nembo. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Walipompa mikrofoni alisema, "Nembo munayoisifu si ile niliyotengeneza. Ile ilikuwa na rangi nane. Mi mwenyewe nilikata moja, kwa mukasi wangu, na wenye rangi ile walikuwa wazima. Naomba muirudishe." Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, akaacha. Katibu alichukua mikrofoni, akasema mama amechoka, akaomba muziki. Ombi lake halikupata jibu. Mwaka uliofuata ligi ilitoa nembo nyingine, kichwa cha tai kilichochorwa kwa kompyuta, kisicho na rangi ya timu yoyote. Mama alipokiona gazetini alisema tu, "Basi sasa wametoa wote."

Mwezi Mei 2004 alisikia kwamba Révérien yuko Kajaga, kando ya ziwa, anashona nyavu za wavuvi. Alitarizi nembo ya zamani, ya rangi nane, akaniomba nimsindikize. Révérien alikuwa akichechemea. Alimtambua mara moja, akaingia ndani kumtolea kiti pekee alichokuwa nacho, yeye akakaa chini mchangani. Mama alimpa nembo, akaanza kueleza. Révérien aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu apokeavyo kitu cha mkubwa wake.

"Asante, mama," alisema. "Kitambaa kimerudi. Watu ndo hawarudi."

Kisha alitupatia ndagala, vile visamaki vya ziwa, za kupeleka nyumbani. Katika gari mama alizishika mapajani. Tulipokaribia mjini aliniambia, "Afazali angenitukana, Lisette. Amenipa kiti."

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 1999. Mwanzoni mwa mwaka huu macho yalipungua nguvu, hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, kisha mafigo yakachoka. Alilazwa tarehe 28 Julai. Alipokea sakramenti ya wagonjwa, na alifariki Jumanne tarehe 9 Agosti 2005, alfajiri, baba akiwa amemshika mkono.

Tulibishana nyumbani kama habari ya rangi ya machungwa isomwe mbele ya watu. Baadhi yetu tuliona aibu, na bado tunaiona. Baba alisema isomwe, kwa sababu mama aliisema hotelini na muziki ukapigwa juu yake.

Marehemu ameacha mume wake, Marcellin, watoto wake Lisette, Prodige na Murhula, wajukuu watano, kaka yake aliyeko Kabare, na Mama Saliha, ambaye tunaomba akae kwenye benchi la familia.

Ligi imetuletea bendera yake ili ifunike sanduku. Tumeipokea kwa shukrani, tumeikunja, na itabaki nyumbani.

Kama yupo hapa mtu wa Urumuri, familia ya Marcellin inamwomba msamaha. Hatumwombi ajibu, wala asimame.

Mungu anayemjua kila mtu kwa jina amlaze mama yetu pahali pa utulivu.