Ervin Gapinski na Povu la Alhamisi (1947–2023)

Marehemu Ervin Gapinski alizaliwa tarehe 11 Machi 1947, kusini mwa jiji la Milwaukee, Wisconsin, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Bruno na mama Hedwig Gapinski. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alijua kuuliza "kwa nini" kabla hajajua kuomba maji.

Alisoma shule ya parokia. Akiwa darasa la sita, katikati ya Januari, alilifungua bomba la kupasha joto darasani ili ajue kwa nini linagonga. Alijua. Darasa zima likasoma siku tatu na makoti mwilini. "Haya Gapinski," sista mwalimu alimwambia, "udadisi wako utatuvalisha blanketi?"

Mwaka 1966 alianza kujifunza ufundi wa mabomba ya mvuke, akaufanya hadi alipostaafu mwaka 2008. Kwa miaka arobaini na miwili kazi yake ilikuwa moja: kuzuia joto lisitoroke njiani.

Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na Lorraine Klug. Walikutana ukumbini mwa kanisa, kwenye mlo wa Ijumaa wa samaki wa kukaanga, Ervin alipojipenyeza jikoni kuona mafuta yanavyochujwa. Lorraine alimkabidhi aproni. "Kwetu anayeuliza sana anaosha masufuria," alisema. Mungu aliwajalia Marcella na Gerard.

Mwaka 2016 figo zilianza kumsumbua, na daktari akampiga marufuku bia. Hilo alilimeza. Lililomkaa rohoni ni wenzake wanne wa karata, waliokuwa wakishuka kwenye chumba cha chini cha nyumba yake kila Alhamisi tangu enzi za kazi. Waliona haya kunywa mbele ya mgonjwa, wakaanza kutoa udhuru. Alhamisi moja Ervin alizichanganya karata, akazigawa kwa watu watano, kisha akazikusanya peke yake. Lorraine alimwona kutoka kwenye ngazi, akarudi jikoni kulia.

Mwanzoni mwa Februari 2018 aliamua kuwarudisha. Alikata bomba la chuma la inchi tatu, akaliunga umbo la T, akalisimamisha juu ya friji kuukuu lenye pipa la bia, akapitisha mipira ya kupandishia bia ndani yake na kufunga koki tatu. Na kwa kuwa mazoea yana taabu, akalizungushia sufi nene ya kuzuia joto lisitoroke, kama vile litapitisha mvuke. Kisha akawapigia simu: "Njooni mnionjee, mimi siruhusiwi."

Walikuja. Glasi ya kwanza ilikuwa povu tupu.

"Erv, hii bia au umefua soksi?" aliuliza rafiki yake Chester Bielak.

"Kunywa wewe, acha maneno."

"Ninywe nini? Nipe wembe ninyoe ndevu!"

Alhamisi iliyofuata kila mmoja alikuja na maelezo yake. Chester alilaumu gesi, mwingine glasi, mwingine chumvi ya maji ya Milwaukee, ingawa hakuna maji yaliyohusika. Walivua sufi, wakairudisha, wakabishana hadi karata zikasahauliwa. Alhamisi ya mwisho kabla ya Pasaka ndipo Ervin alipofunga feni ndogo ya kusukuma ubaridi wa friji hadi juu ya bomba. Bia ikatoka safi. Walimpigia makofi, na tangu hapo hawakukosa tena.

Aliaga dunia nyumbani, asubuhi ya Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, Lorraine akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke, watoto wawili, wajukuu watatu, dada yake Irma, na wale wenzake wanne walioketi safu ya pili. Kwa ajili yao, Lorraine ameruhusu jambo hili lisomwe leo. Wiki ya pili ya povu lile alimkuta mumewe mbele ya lile bomba la bia, feni mkononi, glasi ya bia safi mezani.

"Kumbe umeshajua!"

"Tangu juzi. Ubaridi ulikuwa haufiki juu."

"Sasa si uifunge?"

"Taratibu, Lorraine. Nikiifunga, watakuja kufanya nini?"

Akaificha feni kabatini wiki sita.

Apumzike kwa amani fundi wetu. Alhamisi mlango wa chini utakuwa wazi.