Alama Nyeupe Kwenye Mti Mkavu

Sogeeni, wanangu, na wewe mkubwa acha kusimama mlangoni na ufunguo wa pikipiki mkononi kama mtu aliyekuja kudai. Kaa hapa miguuni pangu, maana leo maneno ninayo mengi na pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kuazima. Dada yenu ameninyanyulia mto, mdogo wenu ameshika kikombe cha maji, nami nitasema mpaka nishindwe. Msinikatize, na kulia mtalia baadaye.

Ya mali nayamaliza upesi, kwa sababu si hayo yanayoninyima usingizi. Nyumba hii ni ya kitinda mimba wangu, ambaye hajajenga na kwa ninavyomjua hatajenga. Karakana, pamoja na misumeno na randa zote, ni ya mkubwa, kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyozitumikia. Msitu ni wenu nyote watatu na haugawanywi. Asije mtu akavuta kamba katikati yake akasema huku kwangu na kule kwako. Ila neno la mwisho, mti upi uanguke na upi usimame, ni la binti yangu. Naona ninyi wawili mnatazamana. Tazamaneni, lakini mnaishi mjini, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Tena ipo sababu nyingine, ambayo ndiyo niliyowaitia.

Mnakumbuka jinsi nilivyosifiwa. Msitu wetu uliitwa msitu wa mfano, mabwana misitu wakaleta wageni kuutembelea, nami nikiwatangulia na fimbo yangu, kifua mbele. Mti ukikauka niliukata, gogo likianguka nililichoma, kichaka nikakifyeka, hata ungeweza kutandika mkeka popote pale ukalala. Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito yeye aliiacha miti yake ife ilipo na magogo yaoze, nikampa jina la Mzee Takataka, nalo likamganda hata watoto wa shule wakawa wanamwita hivyo njiani. Nilicheka sana. Mama yenu, Mungu amrehemu, hakucheka, aliniambia, "Baba watoto, msitu si sebule." Nikamjibu aangalie jiko lake. Kumbe ule usafi wangu ulikuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Siku moja binti yangu huyu, akiwa bado hana meno ya mbele, alikuja mbio kutoka bondeni akanishika suruali: "Baba, usiukate ule mti mkavu, kuna mama ndani." Wanangu, ningeweza kuwaambia kwamba sikumwelewa, mkaniamini. Nilimwelewa. Hondohondo nilimjua kabla sijaoa. Jike akitaka kutaga huingia kwenye pango la mti akajiziba kwa udongo, akabakiza upenyo tu wa kupitisha mdomo, na humo ndani manyoya ya mbawa humtoka asiweze kuruka; dume ndiye anayemlisha kupitia ule upenyo mpaka makinda yakue. Yote hayo niliyajua. Lakini wageni walikuwa njiani na ule mti ulisimama pale pale ambapo wangepita. Nikamwambia mtoto, ndege wako wengi, nikakata.

Mti ulipoanguka ukapasuka, na jike akatoka akitembea kwa miguu. Alielekea kichakani, na kichaka nilikuwa nimeshakifyeka, hakukuwa na hata jani la kujifichia. Mbwa wetu alimkamata mbele ya macho ya huyu mtoto. Jioni dume akaja na tunda mdomoni, akazunguka pale palipokuwa na mti, mwisho akatua kwenye kisiki na tunda lake. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Binti yangu alikuwa akienda kumtazama, nikamfuata nikamchapa, nikasema ni kwa kuacha kazi za nyumbani. Uongo. Nilimchapa kwa sababu ya jinsi alivyonitazama, na yale macho ninayo mpaka leo.

Tangu hapo hondohondo walihama, na ile miti ya asili yenye matunda makubwa ikakosa wa kuisambazia mbegu, zikawa zinaoza chini ya mama zao. Vigogota nao wakaenda zao, maana niliwamalizia miti ya kugogota, na wadudu watoboao mbao wakaingia kwenye miti yetu ya kupandwa kama walioalikwa. Mkubwa, unakumbuka tulivyobeba mabomba ya dawa mgongoni tukapulizia hadi tukatapika? Ng'ambo kwa Takataka hakuna aliyepulizia kitu. Niliona, nikanyamaza. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Mngedhani mtu wa namna hiyo amejifunza. Ugonjwa huu uliponilaza nilianza kuona haya kwa sababu ya lile bonde, ambalo kwa miaka sikuwa na nguvu za kulisafisha na limejiotea linavyotaka. Nikataka niwaachie msitu safi, kama mtu anayefagia nyumba kabla ya safari. Nikamwita mwenye kiwanda cha mbao, tukaketi pale barazani, nikamwahidi achukue kila kilichosimama bondeni, nikampa mkono na mkubwa akiwa shahidi. Kisha nikajikokota mwenyewe na kopo la rangi nikatia alama miti ya kuanza nayo. Wa kwanza kabisa, kule juu ya bonde, ni mti mkubwa mkavu; niliuzungushia rangi nyeupe kiunoni. Wakataji wanakuja kesho asubuhi.

Juzi dada yenu alinipakia kwenye toroli, mimi baba yake, kama gunia la mkaa, akanisukuma hadi kule juu ya bonde bila kuniambia tunafuata nini. Tukangoja. Halafu nikasikia zile mbawa, mnazijua zinavyovuma, na dume la hondohondo likatua kwenye mti wangu wa alama, tunda mdomoni, na kwenye upenyo, juu kidogo ya rangi yangu, ukatokeza mdomo ukalipokea. Wamerudi, bila shaka wakitokea kwa huyo huyo Takataka. Binti yangu akaligeuza toroli turudi nyumbani. Angenitukana ningepata nafuu.

Sasa wewe mkubwa. Kuta hizi ni mbao nilizopiga randa mwenyewe, na kinachosemwa jikoni nakisikia hapa. Umesema utamwambia mwenye kiwanda kwamba baba alikuwa anaweweseka kwa homa alipompa mkono. Unataka kunisitiri, nakushukuru, lakini hapana. Nilikuwa na akili zangu timamu. Kama siku ile niliweweseka, basi na leo naweweseka, na wosia huu ni upepo tu. Mwambie hivi: baba alikupa neno, na baba amelivunja, kwa kukusudia. Ahadi ni deni, mmelisikia kwangu tangu mkiwa wadogo, na hakuna mtu hapa kijijini anayeweza kusema niliwahi kumgeuka. Ndiyo sifa pekee iliyobaki ninayostahili, nami nawaomba mkaitupe. Atasema maneno makali, na ana haki. Inamisha kichwa usikie yote. Kisha mpe ile miti ya kupandwa ya mteremkoni, imekomaa, ilipandwa ili ikatwe.

Sisemi msikate, msije mkanielewa vibaya. Shoka ndilo lililowasomesha. Kateni ya kupandwa kwa zamu, na pale mlipokata mpande. Msifanye kama mimi, kila mwaka kuchagua mti ulionyooka na kuacha vipinda vizae. Baadhi ya mizuri iacheni itoe mbegu. Ukingo wa kijito msiuguse. Na mti ukifa ukiwa umesimama, kama hautamwangukia mtu, uacheni, maana una wapangaji wasiolipa kodi lakini ndio wanaowalindia nyumba. Mkiona uchafu msituni, kaeni kwanza mtazame nani anakaa humo.

Nipe maji... Basi, inatosha.

Jirani mwendeeni, ninyi watatu, mkamwombe radhi kwa niaba yangu, na kuanzia leo asimwite mtu jina lile ndani ya nyumba hii. Jeneza langu lichongwe kwa zile mbao zilizotobolewa na wadudu, ambazo wateja walizikataa. Zinanifaa, na mtaokoa nzuri.

Na wewe, binti yangu. Nilikuchapa bila kosa, nawe ndiye unayenilisha sasa kwa kijiko. Nisamehe. Usinijibu leo, maana utanijibu kwa huruma, nami sitaki jibu la huruma. Ukisha kunizika, siku utakayoona moyo wako umetulia, njoo unijibu kaburini. Kama haikuja siku hiyo, sitakulaumu.

Mkubwa, inuka. Nenda sasa hivi, usingoje kesho, na usiniage. Nitakusikia. Anayerudi mjini akifika njia panda hushuka na sauti hupotea. Anayekwenda kiwandani hupanda kilima, na hapo ni lazima apunguze gia. Nenda, baba.

Kitinda mimba, fungua hilo dirisha... zaidi. Ndiyo, pikipiki imewaka. Nyinyi mlio hapa, nipeni mikono... Mungu awape afya, awape... awape watoto watakaowakataza, na masikio ya kuwasikia... Msigombane. Msi... nyamazeni kidogo, amefika njia panda.

Amesimama.

Mwacheni afikiri... ni mtoto wangu...

Hiyo... mmesikia? Amepunguza gia. Anapanda.

Haya, binti yangu... panga liko nyuma ya mlango. Nenda ukaikwangue ile rangi... taratibu, usigonge... kuna mama ndani.