Motokari Iliyomjua Papa Placide Peke Yake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mkae. Ni mimi Monique. Wewe unayekaanga samaki wako wa sambaza, punguza moto kidogo, maana habari ya leo haitaki haraka.

Leo tunamkumbuka Papa Placide Bulonza wa Muhumba, hapa hapa Bukavu. Placide Bulonza, mwenye motokari ya Waingereza. Alichukuliwa nyumbani kwake mwaka wa 1978, mchana kweupe, mbele ya majirani. Hakurudi. Juma lililopita familia yake ilimsomea misa na kumwekea msalaba. Chini ya ule msalaba hakuna mtu. Nimeongea na binti yake Colombe, ambaye leo naye ni bibi mwenye wajukuu, na nimeongea na mdogo wake Placide, tonton Venant. Haya nitakayowaambia nimeyapata kwao.

Papa Placide alikuwa karani katika ofisi moja ya kahawa. Miaka ile ya Zaïre majina ya kizungu kama Placide yalikatazwa kwenye karatasi, kwa hiyo ofisini alikuwa Citoyen Bulonza, yaani Mwananchi Bulonza, na abakosti yake, ile suti isiyo na tai, imenyooshwa vizuri. Nyumbani alibaki Placide. Mkewe alikuwa Maman Emérence, mshonaji wa nguo. Mwaka wa 1974 daktari mmoja Mwingereza, mtu wa misheni, alifunga mizigo akarudi kwao. Alimwachia Placide motokari yake, Austin ya zamani iliyotoka Kampala, pamoja na sanduku la chuma lililojaa clé, yaani spana.

Hapo ndipo habari inaanza, wasikilizaji wapendwa. Sikilizeni vizuri jambo la zile clé. Garage zote za Bukavu zilikuwa na clé za milimita, kwa magari ya Wabelgiji, ya Wafaransa na ya Wajapani. Austin ile ilitaka clé za inchi. Ukiweka clé ya milimita, inateleza, inakula kichwa cha boulon, ile bolti. Katika mji mzima, clé za inchi zilikuwa kwa Papa Placide. Na mtu aliyejua kuzitumia alikuwa Papa Placide.

Kila Jumapili, baada ya misa, alivua shati, akatandika gunia chini ya gari, akalala chali. Colombe anakumbuka miguu ya baba yake kuliko uso wake. "Tulikuwa tunaongea na ile miguu," ananiambia, huku anacheka. "Papa, chakula imeiva! Na miguu inajibu: kidogo tu, kidogo tu." Vipuri havikuwepo. Joint, zile gasketi za injini, alikata kwenye katoni za viatu, akazipaka grisi. Mafuta ya frein, ya breki, yalipokosekana mjini, alitia mafuta ya mbarika, yale yale ambayo mama zetu walitunywesha tusafishe tumbo. Na frein ilishika! Kwenye barabara alihitaji macho ya mkewe, kwa kuwa volant, ule usukani, ilikuwa upande wa kulia, na huku kwetu magari yanapita kulia. Maman Emérence alikaa kushoto na kuchungulia mbele ya malori. "Bado! Bado, Placide! Haya, pita!" Ndivyo walivyokwenda mpaka Luberizi kununua mchele, wakirudi wamekasirikiana na wamefurahi.

Tabia moja ya huyu baba muishike. Hakuweza kuona kazi mbovu akanyamaza. Fundi akija kutengeneza mlango wa jirani, na Placide anapita zake, atasimama, atavua koti, atamwonyesha. Watu walimkimbia kwa ajili hiyo. Venant anasema hata kaburi la baba yao alilipanga upya matofali, siku ya pili ya mazishi.

Sasa tufike mwaka wa 1976. Mwaka ule mgeni mkubwa alikuwa anakuja mjini, na watu wa serikali walipita nyumba kwa nyumba kukusanya magari. Gari likichukuliwa hivyo, mara nyingi hulioni tena. Papa Placide alisikia habari mapema. Alifungua delco, kile kikombe cha umeme kwenye injini, akatoa kile kidude kidogo kinachozunguka ndani na kugawa moto kwa bougies, yaani plagi. Mafundi wanakiita doigt. Ni kitu cha kuficha ndani ya ngumi. Bila doigt, gari ni bati tu. Wale watu walikuja, wakasukuma ile Austin, wakatoka jasho, wakaitukana. Haikuwaka. Waliondoka na gari la jirani.

Tangu siku ile, kila akifika nyumbani alitoa doigt na kumpa mkewe, naye aliifunga kwenye pindo la kikwembe chake, kitenge cha kiunoni. Mpaka hapo ni akili. Kama angenyamaza, pengine leo ningekuwa na kipindi kingine. Lakini alifurahi, na furaha yake aliipeleka nje. Mbele ya kanisa, kwenye baa, ofisini, kote alisema neno lile lile. "Hii motokari inanijua miye tu. Bila miye haitembei." Watu walicheka. Walianza kumwita kwa neno hilo. Mtoto akimwona anapita, anapaza sauti: "Bila miye haitembei!"

Tonton Venant hakucheka. Alimwita kaka yake mkubwa, yaya wake, pembeni. Maneno yenyewe bado anayakumbuka: "Yaya, acha kusema vile mbele ya batu. Hii gari ikikatala bote, ikikubali weye tu, siku moja batakuya kukubeba weye." Placide alimpiga begani akamwambia anywe chai, apunguze mawazo.

Nasema wazi, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu kuna wanaotafuta wa kulaumiwa. Hakuna jirani aliyemchongea Papa Placide. Mji mzima ulijua.

Ikawa Jumamosi, mwaka wa 1978, siku ya salongo. Nyinyi vijana hamkuijua salongo. Kila mtu alitoka na jembe na panga, tunafyeka majani ya barabara kwa lazima, na ole wako ukibaki kitandani. Kwa hiyo barabara yote ya kwao ilikuwa imejaa watu. Lori la askari lilisimama. Akashuka kapiteni mmoja. Jina lake silitaji.

Colombe alikuwa mlangoni. Anasema kitu kilichomtisha ni kwamba yule kapiteni hakuitazama motokari. Aliipita kama anapita kuku. Alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, akampa mkono.

"Citoyen Bulonza," akasema. "Kuya na ma-clé yako yote. Beba na nguo za kubadirisha."

"Tunaenda wapi, mon capitaine?"

"Bunyakiri. Niko na kazi kule, na magari yangu yote imekufa. Banasema yako haikufaka hata siku moja."

Maman Emérence akasogea. Mkono wake ulikuwa umeshika pindo la kikwembe. "Mon capitaine, ile gari haiwezi kuwaka. Kuna kakitu kalipotea."

Kapiteni hakukasirika. Alicheka, tena taratibu. "Kama kalipotea, maman, bwana yako atatengeneza kengine kule tunaenda. Akishindwa, atabakia kule."

Hapo Papa Placide alimtazama mkewe. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Toa, maman." Naye akafungua lile fundo, akampa.

Askari wanasubiri, bunduki begani. Na mnajua Placide alifanya nini? Alitafuta kitambaa safi. Akaifuta ile doigt kwanza, pande zote, akaitazama kwenye mwanga, ndipo akairudisha mahali pake. Motokari ikawaka mara ya kwanza. Kapiteni akaketi kushoto, kiti cha Maman Emérence, sanduku la clé likawekwa nyuma, wakaondoka. Barabara nzima ilisimama na mapanga mikononi. Mimi sikuwapo, na sijui ningefanya nini, lakini kila nikiifikiria ile barabara nakasirika.

Bunyakiri si mbali sana, lakini njia inapita ndani ya msitu wa Kahuzi, na miaka ile ukishaingia msituni hakuna habari yako inayotoka. Kapiteni alisema siku mbili tatu. Zikapita. Maman Emérence alikwenda kambini kuuliza. Mlinzi alimjibu, "Hapa hatujue gari, hatujue mutu." Alirudi tena na tena, mpaka wakamwonyesha fimbo.

Mwaka ulipokwisha, majirani walikuja na mikeka. Walitaka wakae matanga, wamlilie. Aliwafukuza! Colombe anayakumbuka maneno ya mama yake: "Bwana yangu iko kazi. Ile motokari haitembei bila yeye. Banamuhitaji. Mutu mwenye banamuhitaji, habamuue." Akaketi kwenye cherehani yake, akaendelea kushona. Kila lori lililotoka njia ya Bunyakiri lilimsimamisha mguu juu ya pedali.

Lile neno la majivuno, bila miye haitembei, sasa lilikuwa ndilo tumaini lake peke yake. Alilishika miaka mitatu.

Mwaka wa 1981 alikuja mwanamke mmoja anayeitwa Godelive, mkulima wa Bunyakiri, kuleta mtoto hospitalini. Aliuliza kanisani kama kuna mtu wa familia ya Placide. Wakampeleka. Maman Emérence alimpa kiti na maji, akafunga cherehani. Venant alikuwapo. Colombe alikuwapo.

Godelive akaeleza. Kwamba Placide aliishi kijijini kwao, karibu na askari, zaidi ya mwaka. Kwamba yeye alikuwa anampelekea bugali na sombe ya majani ya muhogo. Kwamba motokari ilikuwa inabeba mizigo ya kapiteni kutoka Hombo, mizigo iliyofunikwa, na kila ilipoharibika Placide aliitengeneza. Maman Emérence akashika mikono pamoja. Aliishi, basi! Mkewe alikuwa amewaza sawa kabisa.

Kisha Godelive akasema kwamba kapiteni alimpa sergent mmoja, mtu mzima, akamwambia Placide, "Fundisha huyu."

"Akamufundisha?" Venant akauliza.

"Mwanzo alikuwa anamudanganya. Anamuonyesha hapa, anaficha kule. Sisi bote tuliona. Lakini yule sergent iko na akili. Alikuwa anakosea kidogo tu, na papa Placide anapata shida kumuangalia. Siku moja nilimuambia, papa, muache akosee. Muache aharibishe. Akaniambia, nimejaribu, mama. Mikono inakatala. Nikiona anakaza boulon mubaya, mikono yangu inaenda yenyewe."

Wote walimjua mtu wao. Aliyepanga upya matofali ya kaburi.

"Alikuwa anamusifu hata," Godelive akaendelea. "Anasema, huyu sergent anajifunza mbio sana. Ingekuwa muzuri akuwe mujinga."

Venant akauliza kama Godelive aliona mwili wa kaka yake. Hapana. Kama alisikia bunduki. Bunduki zilikuwa zinasikika kila siku. Asubuhi moja alipeleka chakula, kibanda kilikuwa wazi, wakamwambia fundi ametumwa mbele. Venant akashika neno hilo. Ametumwa mbele! Pengine alipelekwa Walikale, pengine Kisangani, shemeji usikate tamaa.

Maman Emérence alimgeukia Godelive. Aliuliza swali moja tu. "Ile siku, motokari ilipita?"

"Ilipita, maman. Sergent mwenyewe njo alikuwa anaendesha."

"Ilikuwa inatembea namna gani?"

"Muzuri," Godelive akasema. "Muzuri sana. Ilipanda kilima bila kusimama."

Maman Emérence akafungua kitambaa cha kichwa. Akashuka kwenye kiti, akaketi sakafuni, miguu imenyooka. Akamwambia Colombe, "Enda ita majirani. Bakuye na mikeka yabo."

Motokari ilikuwa inatembea bila yeye; hivyo ndivyo walivyojua kwamba hayupo tena, wasikilizaji wapendwa. Matanga ya Placide Bulonza yalianza siku ile, mwaka wa 1981, pasipo mwili, pasipo karatasi, na majirani walilia kimya kwa sababu hata kulia kwa sauti kulikuwa na hatari. Maman Emérence alimfuata mumewe mwanzo wa mwaka huu. Kabla hajafa aliomba msalaba wa Placide uwekwe kando ya wake, hata kama hakuna wa kulala chini yake.

Kwa Colombe na watoto wake, kwa tonton Venant, kwa ukoo mzima wa Bulonza, poleni. Poleni sana, nasi tumechelewa kusema. Na sisi tuliobaki tujiulize leo, kila mmoja barazani kwake, ni nani tulimtazama akichukuliwa tukashika panga zetu tukanyamaza.

Neno la mwisho ni kwako, sergent. Najua redio hii inafika Bunyakiri, inafika Hombo. Kama unaishi, sasa wewe ni mzee, na mikono yako bado inajua kazi ambayo Papa Placide aliifundisha. Hatukuulizi motokari. Hatukuulizi hata nani alitoa amri. Colombe ana miaka yake, magoti yanamuuma, lakini amesema atapanda mpaka huko kwa miguu. Mwonyeshe tu mahali baba yake alipo.