Nyuzi za Åsne Haugeli, 1941–2024

Mchungaji, ndugu wa ukoo wa Haugeli, majirani wa Valle na ninyi mliopanda bonde kutoka mbali katika theluji hii, mimi ni Torbjørg, binti wa marehemu, nimepewa na familia jukumu la kuwasomea maisha ya mama yetu Åsne, nami nitajitahidi sauti isinikatike.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika shamba la Haugeli, hapa Valle, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Tarjei na bibi Gyro, akasoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1948 hadi 1955, ambako walimu walimkumbuka kwa hesabu nzuri na ulimi usiolala.

Lakini shule yake hasa ilikuwa jikoni kwa mjomba wake Bjørgulv, mpiga fidla aliyeogopwa na wenzake, kwa kuwa alikuwa na namna yake ya kukaza nyuzi ambayo hakumwonyesha mtu, na kila alipomaliza kupiga alizilegeza zote nne ndipo akaitundika fidla ukutani, asije mtu akaigusa na kuijua siri. Mama, akiwa na miaka kumi na mitatu, alichungulia mlangoni misimu miwili ya baridi mpaka akaujua Wimbo wa Kinuni, wimbo ambao mjomba aliuthamini kuliko zote, kidole kwa kidole, siku moja akaomba fidla akaupiga mbele yake, ukatoka kama paka aliyekanyagwa mkia, mjomba akacheka mpaka machozi, akamwambia, "Mpwa wangu, vidole umeiba vyote, nyuzi umeziacha!" Hata hivyo aliupenda ushupavu wake, na kiangazi cha 1957 akamfundisha, kwa sharti kwamba naye atakuwa analegeza nyuzi kila amalizapo kupiga.

Mwaka 1958 aliajiriwa katika karakana ya sonara, akafua vifungo vya fedha vya mavazi yetu ya sherehe kwa miaka arobaini na sita, na wengi wenu leo mmevaa kazi ya mikono yake. Tarehe 20 Juni 1964 alifunga ndoa katika kanisa hili na baba yetu Knut, dereva wa malori ya magogo, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1965 na mdogo wangu Eivind mwaka 1968.

Sasa nisome lile ambalo Eivind alinishauri niliruke. Nilijifunza fidla kwa mama, nyimbo zote isipokuwa ule mmoja, niliousikia kupitia ukuta tu, nikambembeleza tangu utotoni, na jibu lake lilikuwa lile lile, "Bado, mwanangu, sikio lako lina haraka," basi mwaka 1983, nikiwa na miaka kumi na minane na kichwa kigumu, nililegeza uzi mnene kama wafanyavyo wapigaji wengi wa bonde hili, nikaupiga Wimbo wa Kinuni mashindanoni mbele ya waamuzi na ukumbi mzima, nikapewa nafasi ya tatu, ila mama, aliyekuwa safu ya mbele, aliinuka akatoka nje kabla sijamaliza. Nyumbani aliniambia tu, "Umeuvua nguo wimbo wa mjomba mbele za watu." Tuliendelea kula uji wa krimu pamoja kila Jumapili, tulicheka, tulipendana, lakini kwa miaka arobaini hatukupiga fidla pamoja tena, na hilo linaniuma mpaka ninaposimama hapa.

Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, na asubuhi ya tarehe 5 Februari hali ilipobadilika nilikwenda kumpeleka hospitali Kristiansand, tukiwa tayari garini akasema amesahau kufunga dirisha, akarudi ndani akishikilia ukuta, akakaa robo saa nzima, nikapiga honi na kumwita, "Mama, dirisha gani hilo lisilofungika!" naye akatoka akinijibu kwamba mwenye haraka atangulie. Alifariki tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, mimi na Eivind tukiwa tumemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliozoa theluji uani kwake bila kuombwa, na wenzake wa karakana waliong'arisha vifungo alivyovaa jenezani.

Siku iliyofuata kifo chake nilikwenda nyumbani kwake kuchukua mavazi ya kumzikia, nikakuta madirisha yote yamezibwa kuzuia baridi tangu vuli, hakuna lililofunguliwa, na fidla iko ukutani, nyuzi hazijalegezwa, ndipo nikaielewa ile robo saa. Nilizigusa moja moja nikiwa bado na koti, na ule uzi mnene niliohangaika kuushusha miaka yote hiyo ulikuwa umepandishwa, nikaketi kitandani pake nikaupiga Wimbo wa Kinuni, ukatoka kama nilivyousikia utotoni, nikalia sana. Baada ya maziko, ukumbini kwenye kahawa, nitaupiga, na kila anayetaka kujifunza aje akae karibu, aone vidole na aguse nyuzi.

Mama, pumzika kwa amani, sitazilegeza.