Ekseli ya Shangazi

Risala ya wafanyakazi wa karakana ya magari mazito kwa Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Maji, siku ya kupokea magari mapya

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu Mkuu, wakuu wa vitengo mliofuatana naye, wafanyakazi wenzetu, na majirani mnaochungulia juu ya ukuta, maana tunawaona, nanyi karibuni.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Risala hii ilikuwa isomwe na fundi mkuu wetu, Mzee Kipimo. Jana alipokuwa akijizoeza kuisoma alifika aya ya pili, akavua miwani, akasema ina vumbi, akatoka nje na hakurudi. Kwa hiyo naisoma mimi, fundi umeme wa magari, ambaye wenzangu wamenichagua kwa madai kwamba sauti yangu inashinda jenereta. Maneno si yangu peke yangu. Kila sentensi ilibishaniwa na karakana nzima mpaka ikakubalika, na zilizokataliwa ni nyingi kuliko hizi.

KARIBU KWAKO

Mgeni rasmi, itifaki inatutaka tukukaribishe. Tumejaribu, tukaona haiji, kwa sababu mtu hakaribishwi kwao. Kabla ya ofisi kubwa na gari lenye bendera, mwaka wako wa kwanza wa uhandisi uliumaliza humu ndani, umevaa ovaroli la mtu mwingine lililokunjwa miguu. Tulikuita Binti Maswali. Kwa nini beringi hii inalia na ile hailii? Kwa nini nati ya upande huu inakazwa kwa kurudi nyuma? Mzee Kipimo alikuwa akisema, "Huyu binti akiendelea hivi, nitaanza kuwa na wasiwasi kama mimi mwenyewe najua."

Mengi hayajabadilika. Mlango wa stoo bado unagoma mvua ikinyesha, na bado unafunguliwa kwa teke, pale pale chini ulipofundishwa. Benchi la dirishani bado lina alama za patasi yako. Watu ndio waliopungua. Yule mchomeleaji mzee aliyekuwa akikuita "mwanangu" na kukugawia nusu ya mkate wake ametangulia mbele ya haki, na wengine wamestaafu wakarudi kwao. Tuliobaki tukikaa kunywa chai tunawataja mmoja mmoja, na siku hizo jina lako nalo hutajwa, kwa wema.

HISTORIA FUPI YA SHANGAZI

Huwezi kuieleza karakana hii bila kumtaja Shangazi. Kwa wageni wasiomjua, Shangazi ni lile lori refu lililosimama nyuma yangu, lenye magurudumu yote yanayovuta, ya mbele na ya nyuma. Jina alipewa na dereva wake, Taratibu, na sababu alizitoa mwenyewe: haagi wala hapigi hodi, akija haji mikono mitupu, na akianza kunguruma hakuna wa kumkatiza.

Kazi yake ilikuwa ng'ambo ya korongo. Barabara inaishia kwenye mawe, na baada ya hapo kuna vijiji ambavyo gari la kawaida halivijui wala vyenyewe havilijui. Shangazi ndiye aliyepeleka bomba la kwanza kule, pampu ya kwanza, na kila kipuri kilichofuata. Kurudi alirudi na watu: mama mjamzito juu ya magunia, mgonjwa na nduguze, mwalimu aliyehamishwa na kabati lake lisilotaka kupita mlangoni. Kuna msichana aliyezaliwa humo humo njiani. Taratibu alisimamisha gari, akashuka, akageuka kutazama milima mpaka aliposikia kilio cha mtoto. Alizoea kusema hiyo ndiyo siku pekee aliyoendesha taratibu zaidi ya jina lake.

Nawe ulipanda, mgeni rasmi. Ilikuwa safari ya kufungua kisima kipya. Mlipofika ukingoni mwa korongo ukauliza, "Tutapita kweli?" Taratibu akakujibu, "Mama, Shangazi haulizwi maswali hayo." Mkapita. Maji yalipotoka, wanawake wa kule walikumwagia kichwani mpaka ukalowa chapachapa, ukarudi hapa na tope kwenye nywele, ukicheka na kulia kwa pamoja. Sisi tuliokuwa getini jioni ile hatujasahau. Tunapenda kuamini kwamba hata wewe hujasahau, ila ofisi ina mambo mengi.

AJALI

Msimu wa mvua uliopita Shangazi alikuwa akirudi mtupu kutoka ng'ambo. Kwenye kona ya mlima basi la abiria lilitokea upande wake, linalipita gari jingine. Upande mmoja wa Taratibu ulikuwa na bonde, mwingine ulikuwa na mwamba, na mbele yake palikuwa na basi lililojaa watu. Akachagua mwamba.

Abiria wote walifika salama. Wengi wao walishuka wakarudi mbio kumtoa dereva, na Mungu awalipe. Ila gurudumu la mbele kushoto lililala chini ya gari kama kifundo cha mguu kilichoteguka. Ekseli ya mbele, kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili, ilipinda, springi zikatoka mahali pake, na fimbo ya stelingi ikajikunja. Taratibu naye alivunjika mguu, wa kushoto vile vile. Alipozinduka hospitali neno lake la kwanza lilikuwa, "Shangazi hajambo?" Mkewe, ambaye alikuwa hajapata usingizi, akamwambia, "Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti hiki tangu jana, na sijaulizwa hali yangu." Mpaka leo shemeji yetu hajamsamehe kabisa, na tunasikia ana haki.

Shangazi aliburutwa mpaka hapa akaegeshwa ukutani juu ya mawe. Baadaye wakaja wakaguzi wakamzunguka, na mmoja akaandika kwa rangi nyeupe mlangoni namba ya mnada wa magari chakavu. Namba ile mnaiona. Fundi rangi wetu aliombwa na wengi aifute akakataa, akasema sisi ni watumishi, hatufuti maandishi ya wakubwa. Lakini tangu siku ile anapita upande wa pili wa uwanja, asiione.

MATENGENEZO

Mgeni rasmi, hakuna aliyetuagiza kumtengeneza. Hakuna aliyetukataza pia, na katika pengo hilo ndimo tulimoingilia, kila siku baada ya kazi za Idara kwisha.

Mwanzo tuligombana. Mchomeleaji wetu wa sasa alitaka ekseli iliyopinda ichomwe moto inyooshwe. Mzee Kipimo akakataa katakata. "Chuma kilichopinda ukikinyoosha kwa moto kinakuwa mnafiki," alisema. "Mbele yako kimenyooka. Kitwishe mzigo, kinarudia tabia yake, na siku hiyo wewe hupo, yupo dereva." Mchomeleaji akanuna, akaenda kukaa peke yake, kisha akarudi akauliza, "Haya, sasa tunapata wapi nyingine?"

Ilikuwapo. Nyuma ya stoo kuna Pacha, lori lililoletwa hapa siku ile ile aliyoletwa Shangazi akiwa mpya, ambalo injini yake ilikufa zamani. Ekseli yake ya mbele ilikuwa nzima, tatizo lilikuwa mwenye nyumba. Mlinzi wetu anafuga kuku, na tetea wake mmoja alikuwa ameatamia mayai chini ya Pacha, juu ya ekseli yenyewe inapoungana na springi. Tulikwenda kwa mlinzi kama watu wanaokwenda kuposa. Akatusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Shangazi wenu ni chuma, anaweza kungoja. Huyu akihamishwa anasusa." Basi tukangoja. Karakana nzima ya magari mazito ilisimamisha kazi kwa ajili ya kuku, na kila asubuhi mtu alikwenda kuchungulia. Vifaranga walipototolewa tulishangilia mpaka majirani wakadhani tumepandishwa vyeo.

Ekseli ilisafishwa kutu, ikawekwa beringi mpya na grisi, ikafungwa. Taratibu alikuja na magongo yake, akakaa juu ya tairi na kutoa amri. "Kaza. Basi, basi! Unamkaza kana kwamba mna ugomvi." Mguu wake umepona sasa na daktari amemruhusu kuendesha, ingawa anachechemea, na anastaafu mwaka huu.

Siku ya kupima, Mzee Kipimo alitoa uzi wake wa kushonea magunia, ule ule, wa kuvuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele ili kuona kama magurudumu yanatazama njia moja. Akashika ncha moja na kunyoosha ya pili bila kuangalia, huku akisema, "Binti, shika hapa." Ile ilikuwa kazi yako, mgeni rasmi, na mkono wake ulikuwa bado umenyooka hewani. Mchomeleaji akaja akaipokea ncha ile. Tulikukumbuka sana wakati ule, na hatuoni haya kulisema mbele za watu.

CHANGAMOTO

Tunaishukuru Idara kwa magari mapya. Ni mazuri. Yananukia upya, milango yake inafungwa kwa sauti ya chini, na vijana wetu wameshaanza kupigania nani atayaendesha. Mjini na kwenye barabara za changarawe yatatufaa mno.

Ila kwenye korongo matumbo yake yatakaa juu ya mawe. Wala hayawezi kubeba pampu na vyuma vya kuinulia mabomba. Hatusemi haya kwa ubishi. Tulipeleka moja wiki iliyopita kujaribu, likaishia ukingoni, likageuzwa kwa kusukumwa.

Pampu ya ng'ambo iliharibika muda mfupi baada ya ajali. Watu wa kule wamerudia kuchimba mashimo kwenye mchanga wa mto mkavu na kungoja maji yajikusanye. Siku moja alifika mama mmoja hapa getini, amekuja kwa miguu, vumbi limempanda mpaka magotini. Hakuuliza ofisi wala hakuuliza mkubwa. Alimwuliza mlinzi, "Shangazi amepona?" Mlinzi akamwambia amepona, mama, yule pale. Yule mama akamtazama Shangazi kwa muda mrefu, akauliza, "Sasa mbona haji?"

Mgeni rasmi, tulikuwapo wote. Tulimpa maji, akanywa, na yaliyobaki akaomba aende nayo.

OMBI

Risala kama hii kwa kawaida huwa na maombi mengi, na yetu ilikuwa nayo. Paa linavuja juu ya jokofu la betri, yaani pale tunapohifadhi betri, mnisamehe, ndivyo tunavyopaita kwa utani. Ovaroli zimechanika mahali pasipotajika mbele ya wageni. Choo hakina mlango, kina mazoea tu ya watu kukohoa. Tuliyaandika yote, kisha usiku wa kuamkia mkutano wetu wa mwisho kila mtu alikwenda nalo lake nyumbani, na asubuhi kila mtu akaja kulifuta la kwake. Limebaki moja. Tunaomba Shangazi aondolewe kwenye mnada na arudishwe kazini, ng'ambo ya korongo.

Unaijua sheria ya humu, lakini wageni hawaijui, basi niieleze. Hapa aliyekaza ndiye anayepanda. Fundi aliyegusa gari lazima awe ndani yake linapotoka getini mara ya kwanza, ili kama amelipua kazi, alipuke nayo. Siku ya kumjaribu Shangazi ikaonekana hakuna mtu ambaye hakukaza kitu. Tukapanda wote, na mlinzi naye, kwa hoja kwamba kuku ni wake. Taratibu akatazama nyuma akasema, "Haya ni majaribio au arusi?" Tulipofika uwanja wa tambarare aliinua mikono juu ya stelingi, na Shangazi akaenda mbele, amenyooka, bila kuyumba kushoto wala kulia. Taratibu alilia, nasi hatukumtania.

Pampu ya ng'ambo imeshapakiwa na kufungwa kamba tangu asubuhi. Taratibu yumo kwenye kiti chake, amevaa shati safi, na tumemwomba asiwashe injini. Gurudumu la mbele kushoto, lile lililogonga mwamba, limefungwa nati zote isipokuwa moja. Hiyo tumeiacha imelegea kwa makusudi, na spana yake ipo pale chini, juu ya gunia lililofuliwa.

Kama ofisi yako inakulazimu umwuze, hatutanung'unika, nawe hutaona uso uliokunjwa. Tutaikaza sisi wenyewe, tutamsukuma mpaka getini kwa heshima zake zote, kwa kuwa shangazi hatolewi nyumbani akiwa amelegea. Lakini kama moyo wako uko nasi, mgeni rasmi, ikaze wewe, halafu panda. Kiti cha kati hakina mtu.

Mungu akulinde na akupe maisha marefu, azidishe baraka nyumbani kwako na kwa watoto wako, na kila mahali ulipowahi kufungua maji, yaendelee kutoka.

Ni sisi wako,
Mafundi, madereva, fundi rangi, mchomeleaji na mlinzi,
Karakana ya Magari Mazito, Idara ya Maji.