Moshi Kwenye Koti

Bwana asifiwe, wapendwa. Nasikia mmeitika nusu nusu, mnangoja kuona kama sauti yangu itatoka. Itatoka. Haitatoka nzuri, lakini itatoka.

Wageni wetu, niwaeleze. Kwa miaka mingi niliongoza sauti ya kwanza katika kwaya hii ya kanisa letu la hapa Tudor. Nikifungua mdomo, hata waliokuwa wakisinzia kule nyuma walifumbua macho. Kisha rovu likaniota shingoni, nikapasuliwa, na nilipozinduka sauti ilikuwa imekwenda. Rovu lilipona. Kilichobaki ni hiki mnachokisikia, kama mlango wa mabati unaoburutwa.

Nawaambia kweli, ndugu zangu, niliumia. Kwaya ikisimama, mimi nabaki kwenye benchi nimeshika mkoba. Mkiniuliza mlangoni, "Mama, habari ya afya?" najibu vile tujibuvyo sote: "Nimebarikiwa, nashukuru Mungu." Mnakumbuka? Tabasamu hadi masikioni! Kisha narudi chumbani kwangu Mji wa Kale, nafunga mlango, nalia. Mwishowe nikaacha kuja. Mlipopiga simu, bado nilikuwa nimebarikiwa. Chekeni tu, ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja akaja shemeji yangu, fundi wa redio pale Majengo, mlokole wa magitaa. Akaniwekea muziki wa roki ya Kikristo, wa wale walioianza, Wazungu wenye nywele ndefu ambao makanisa yao wenyewe yaliwafungia milango kwa sababu ya gitaa la umeme na ulimi mkali. Nikamwambia, "Shemeji, mimi nina msiba wa sauti, wewe waniletea kelele?"

"Sikiliza maneno kwanza," akasema.

Maneno yenyewe sasa! Mwimbaji, ambaye sauti yake ilikwaruza kuliko hii yangu, alikuwa akimwimba muumini aliyefika kanisani viatu vinang'aa, na nyumba yake imeungua jana. Akiulizwa habari, anasema njema, na huku moshi bado unamtoka kwenye koti. Wenzake wanausikia ule moshi puani, wanasema amina, wanapita.

Nilikasirika, wapendwa. Niliona huyu mtu anaucheka wokovu wetu. Nikamwambia shemeji azime.

"Usizime!" Ilikuwa sauti ya mama mwenye nyumba, akipanda ngazi na sahani ya mahamri. Yeye anakaa chini yangu, Mwislamu wa swala tano, mpenzi wa taarabu tangu usichana wake. "Yuwaimba nini huyo? Nifasirie."

Nikamfasiria, nimefura kwa hasira. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Mwanangu, haya ni mafumbo haya! Kwetu harusini, mtu akiimbwa fumbo, hasemi ngoma izimwe. Huinuka, akamtunza mwimbaji pesa, akacheza, na ule uchungu ukamtoka. Anayenuna ndiye watu humjua kuwa ndiye aliyeimbwa." Akaniangalia. "Basi wewe mbona wanuna? Koti lako lanuka moshi siku nyingi. Kila siku nakusikia huku juu walia."

Nikajaribu kumjibu kuwa nimebarikiwa. Nikacheka, ndugu zangu, kwa sauti hii mbovu, halafu nikalia mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Shemeji akauwasha tena wimbo, ukaenda hadi mwisho, ambako sikuwa nimefika. Kumbe katika ubeti wa mwisho mwimbaji anasema lile koti ni lake.

Jumapili iliyofuata nilirudi. Pale mlangoni mzee mmoja wa kanisa akaniuliza habari. Nikamwambia, "Si njema, mzee. Sina sauti, na naona haya kukaa katikati yenu." Hakusema amina na kupita. Alinishika mkono akasema, "Nami nyumbani kwangu si kwema, mama." Tukasimama palepale tukielezana hata ibada ikaanza bila sisi.

Leo nina amani. Sauti haikurudi, na siku hizi siingojei. Namshukuru Mungu. Namshukuru shemeji na kelele zake. Namshukuru yule mzee. Na mama mwenye nyumba amenituma niwasalimu, yuwauliza nyinyi Wakristo mtajifunza lini kuimbwa bila kununa.

Langu kwenu ni hilo tu. Mtu akikuuliza habari, mwambie habari. Na ukisikia harufu ya moshi kwa mwenzako, usipite.

Vijana wetu wa gitaa waliniambia wametunga wimbo wa kutucheka sisi watu wa kwaya, kisha wakakosa sauti yenye mikwaruzo ya kuuimba. Nikawaambia, ipo. Haya wanangu, washeni vyombo. Nanyi wapendwa, mstari unaokuhusu ukikufikia, usiangalie viatu vyako. Inuka ucheze.